Bustani ya viungo nyumbani: Panda dania yako, ujue ulacho

Wahenga walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mkazi wa Mwihoko, mtaa unaokua kwa kasi kati ya Githurai na Ruiru, hana upwa wa kugaagaa. Hata hivyo ana kijisehemu cha ardhi kando ya nyumba, au angalau ana roshani na madebe mawili matatu yaliyokwisha kazi. Hapo ndipo panapoweza kutoka dania ya kachumbari, rosmeri ya viazi, mnanaa wa chai na rehani ya mchuzi.

Pengine utauliza, msomaji, kwa nini ujisumbue ilhali mama mboga yuko pale langoni na fungu la dania si ghali? Swali hilo lina majibu mawili. Moja ni la mfuko, na jingine ni la afya.

Tuanze na mfuko. Chukua kwamba unanunua fungu la shilingi 10 mara nne kwa wiki. Hizo ni shilingi 40 kwa wiki, na kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 2,080. Si pesa nyingi, lakini ni pesa. Tena mara nyingi unatumia matawi machache tu, na yaliyobaki yananyauka kabla ya chakula cha kesho. Mmea ulio hai nje ya mlango haunyauki mezani. Unachuma yanayotosha sufuria ya leo, mengine yanakungoja.

ULACHO KIMETOKA WAPI?

Jibu la afya ndilo zito zaidi. Sukumawiki hupikwa, na moto huua vijidudu vingi. Dania hukatwa juu ya kachumbari na kuliwa mbichi. Mnanaa hutiwa katika maji ya kunywa. Basi uchafu ulio juu ya jani huingia tumboni moja kwa moja.

Kwa miaka mingi imejulikana kwamba baadhi ya mboga zinazolishwa jiji la Nairobi hunyunyiziwa maji taka. Upande wa mashariki wa jiji, kuelekea Ruai ambako mtambo mkubwa wa kusafisha maji taka wa Dandora uko, kuna wakulima ambao wamekuwa wakizibua mabomba ili wapate maji ya kumwagilia. Wengine hutumia maji ya mito iliyochafuliwa na viwanda na makazi. Huwezi kumlaumu mama mboga. Yeye hununua sokoni alfajiri kama mtu mwingine yeyote, na dania haina cheti cha kuzaliwa.

Hatari ni za aina mbili. Ya kwanza ni vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo. Wakazi wa Kiambu hawana haja ya kukumbushwa jambo hili, kwani kaunti yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizokumbwa na mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Oktoba 2022. Ya pili ni madini mazito kama risasi na kadmiamu, ambayo mmea huyanyonya kutoka udongoni. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka hupunguza vijidudu. Madini yaliyo ndani ya jani hayaoshiki. Ndiyo sababu ni jambo la maana kujua jani lako lilikunywa maji gani.

KWANZA UJUE UDONGO WAKO

Anayetoka upande wa Thika na mashamba ya kahawa ya Ruiru huzoea udongo mwekundu, mwepesi kupitisha maji. Ruiru ni makao ya utafiti wa kahawa, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ilichukua jina la mji huo. Lakini kadiri unavyoteremka kuelekea nyanda za mashariki, udongo hugeuka kuwa mweusi na wa kunata. Ploti nyingi za upande wa Mwihoko zina udongo huu. Wakati wa mvua hushika viatu hadi mtu akatembea kama aliyevaa magogo. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono.

Udongo mweusi si maskini. Una rutuba, na hushika maji kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba mizizi hukosa hewa maji yanapotuama, na rosmeri au thaimu iliyopandwa humo huoza mizizi mvua ya Aprili inaponyesha.

Fanya jaribio hili. Chimba shimo lenye kina cha futi moja, ulijaze maji, yaache yaishe, kisha ujaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha kwa saa chache, panda chini bila wasiwasi. Yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, inua tuta lako futi moja juu ya ardhi kwa kulizungushia mawe au mbao, au upande katika vyombo.

Kadhalika chunguza ploti yenyewe. Mahali fundi alipochanganyia saruji huwa na vipande vya mawe na chokaa vinavyoharibu udongo. Mahali palipomwagwa oili chafu ya magari au kuvunjwa betri pasipandwe kitu cha kuliwa kabisa. Epuka pia mkondo wa maji yanayotoka kwenye shimo la choo.

Mchanganyiko unaofaa viungo vingi ni karai mbili za udongo mwekundu, karai moja ya samadi iliyooza vyema na karai moja ya mchanga. Samadi iwe imekaa miezi mitatu au minne, iwe nyeusi, isiyonuka. Samadi mbichi huunguza mizizi, na juu ya majani yaliwayo mabichi ni njia nyingine ya kuleta maradhi. Ya kuku ni kali zaidi, hivyo ioze kabisa na itumiwe kwa uchache.

JUA LINAPITA WAPI?

Viungo vingi vyataka jua la saa sita kwa siku. Siku hizi Mwihoko imejaa nyumba za ghorofa, na jengo la jirani laweza kukufunika mchana kutwa.

Jambo moja ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini. Roshani inayotazama kusini hukosa jua katikati ya mwaka, na inayotazama kaskazini hulikosa mwishoni mwa mwaka. Inayotazama mashariki au magharibi hupata nusu siku mwaka mzima. Mwenye roshani ya kaskazini au kusini na atumie vyombo vya kuhamishika. Mwenye kivuli kingi apande mnanaa na pasili, ambazo huridhika na saa nne za jua.

CHAGUA UNACHOKULA

Kosa kubwa la anayeanza ni kununua kila mche aliouona kando ya barabara. Keti na watu wa nyumbani mwako, mwandike ni viungo gani vilivyoingia sufuriani mwezi uliopita. Hivyo ndivyo vya kupanda. Thaimu ni nzuri, lakini haina faida kwa nyumba isiyoijua.

Dania. Watu wa Pwani huiita kotimiri, na ndugu zetu wa Tanzania husema giligilani. Jina letu la dania tumelipata kwa Wahindi. Ile mbegu ya mviringo unayonunua ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Iviringishe polepole chini ya chupa mpaka ipasuke vipande viwili, uiloweke usiku mmoja, kisha uifukie kina cha sentimita moja hivi. Huchipuka kwa wiki moja hadi tatu. Usiioteshe kitaluni ukaihamisha, maana ina mzizi mrefu usiopenda kuguswa. Ipande pale pale itakapokaa.

Baada ya siku 30 hadi 45 utaanza kuchuma. Kumbuka kwamba dania huchukia joto. Mnamo Januari na Februari, jua linapokuwa kali, hukimbilia kutoa maua na majani hugeuka membamba. Hufurahia zaidi baridi ya Juni hadi Agosti, mradi umwagilie. Siri ya kuwa nayo daima ni kupanda mstari mmoja mfupi kila baada ya wiki mbili au tatu, badala ya kumaliza pakiti nzima siku moja. Ikitoa maua usiing'oe yote. Acha mbegu zikauke, nusu uzisage kwa pilau, nusu uzipande. Na mgeni akikataa dania yako akisema ina ladha ya sabuni, usikasirike. Wako watu ambao pua zao, kwa maumbile ya kuzaliwa, huinusa hivyo.

Mnanaa. Huu hauhitaji mbegu. Kata kijiti cha urefu wa kiganja, uondoe majani ya chini, ukiweke katika gilasi ya maji. Kwa wiki moja au mbili utaona mizizi. Tahadhari ni moja: mnanaa hutambaa chini ya ardhi na utanyang'anya mimea mingine nafasi. Upande peke yake ndani ya debe. Hupenda unyevu, hivyo weka debe karibu na mfereji.

Hapa pana jambo la kuwaonya watoto. Mnanaa na mnanaha si kitu kimoja. Mnanaha ni gugu lenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la miiba, huota kwenye majalala na viwanja vitupu, na una sumu kali kuanzia jani hadi mbegu. Kwa jumla, mtoto asichume wala kuonja jani asilolijua, hata linukie vipi.

Rosmeri. Ni mmea wa pwani za bahari ya Mediterania, uliozoea jua kali na ardhi ya kokoto. Kata kijiti cha sentimita 10 hadi 15 kutoka tawi changa, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo, mahali pasipo jua kali. Huchukua wiki nne hadi nane kushika mizizi. Ukikihamisha, nusu ya udongo iwe mchanga. Mwagilia tu udongo wa juu unapokauka. Rosmeri nyingi hufa kwa kupendwa mno, yaani kwa maji ya kila siku. Ikishashika hudumu kwa miaka, na unaweza kuifanya ua wa kijia. Inafaa sana kwa viazi vya kukaanga na nyama ya mbuzi.

Rehani. Huko Mombasa na Lamu akina mama hufunga kikuba kwa rehani na asumini. Jikoni, rehani hufanya ajabu katika mchuzi wa nyanya. Hupenda joto, na baridi ya Julai huidumaza. Basi ipande mwezi wa Septemba au Oktoba. Kila itakapotaka kutoa ua, likate kwa kucha juu ya jozi ya majani. Ukifanya hivyo tawi moja huzaa mawili, na mmea huwa kichaka badala ya mjiti.

Mchaichai. Omba jirani akugawie shina lenye mizizi, ukate majani yabaki kiganja kimoja, na upande. Mpe nafasi, kwa kuwa kishina hicho kimoja kitakuwa kichaka cha mita moja. Baada ya miaka miwili au mitatu mng'oe, umgawe upya.

Majani ya kitunguu. Huyu ni wa wasio na subira. Ukimaliza kutumia kitunguu cha majani, okoa sehemu nyeupe yenye mizizi, uifukie. Kwa wiki moja utaona majani mapya.

Pasili huenda polepole, na yaweza kuchukua wiki tatu au nne kuchipuka. Loweka mbegu usiku kucha na usikate tamaa.

KWA WAPANGAJI

Si kila msomaji ana ploti. Wengi wenu mnapanga, na ua wote umetandikwa kabro. Nanyi msife moyo. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilieneza bustani za magunia katika Kibera, ambako hakuna hata nafasi ya kuweka mguu. Ikiwa dunia ya Kibera ilitoa mboga guniani, ya Mwihoko haishindwi.

Chukua gunia imara na mkebe mkubwa uliotobolewa pande zote mbili. Simamisha mkebe katikati ya gunia, uujaze kokoto, na kuuzunguka ujaze mchanganyiko wa udongo. Udongo ukifika ukingo wa mkebe, uvute juu na uendelee vivyo hivyo mpaka gunia lijae. Utabaki na nguzo ya kokoto inayofikisha maji hadi chini. Panda dania juu, kisha toboa matundu ubavuni upande majani ya kitunguu na pasili. Mnanaa ubaki katika debe lake.

Mitungi ya mafuta ya kupikia iliyokatwa ni mizuri ukitoboa matundu chini. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, tindikali au rangi. Tena, zungumza na mwenye nyumba mapema, na uweke kisahani chini ya kila chombo ili maji yasimwagikie nguo za jirani wa chini.

MAJI

Maji ndiyo kilio cha Mwihoko. Mifereji hukauka, na wengi hununua kwa mtungi wa lita 20. Hesabu hii itakusaidia. Wakati wa kiangazi, mita moja ya mraba ya bustani hutaka lita nne hadi tano kwa siku. Mtungi mmoja wa lita 20 basi watosha mita nne, na kwa jamii ya kawaida mita mbili za viungo zinatosha na kusaza. Kwa hiyo anza na mita mbili.

Mvua ni ya bure. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 10 mraba, ikinyesha milimita 10, hutoa lita 100. Weka pipa wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Mwaga maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ulifunike pipa ili mbu wasizaliane na mtoto asitumbukie.

Maji yaliyosuuza mchele au mboga yanafaa. Yaliyofulia nguo yasiguse majani yaliwayo mabichi. Ukitumia maji ya kisima cha kuchimbwa na kuona ukoko mweupe juu ya udongo, ni chumvi hiyo. Badilisha na maji ya mvua mara kwa mara. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na umwagilie asubuhi mapema chini ya mmea, wala si juu ya majani.

WADUDU

Adui mkubwa ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya jani changa. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole au uwafukuze kwa maji ya nguvu. Wakizidi, koroga kijiko kidogo cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize jioni, na uoshe majani kabla ya kula.

Ukilazimika kununua dawa dukani, hakikisha imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, na usome siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mtu anayenyunyiza dawa leo na kukata kachumbari kesho amepoteza ile faida yote ya kujipandia.

KUCHUMA NA KUUZA

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Usichume zaidi ya thuluthi moja ya mmea kwa mara moja. Dania, mnanaa na rehani hutiwa sufuria ikikaribia kuepuliwa, la sivyo harufu hupotea na mvuke. Rosmeri na thaimu huwekwa mapema, kwani majani yao ni magumu. Yakizidi, kausha rosmeri kivulini, na dania uikatekate na kuigandisha kwa maji kidogo katika jokofu.

Je, waweza kuuza? Ni kweli kwamba Kenya huuza viungo vibichi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Lakini biashara hiyo hutaka leseni, ukaguzi wa KEPHIS na mzigo wa kutosha kila wiki. Ukiambiwa na mtu kwamba miche yake ya rosmeri itakutajirisha, mwulize kwanza mnunuzi ni nani na mkataba uko wapi. Soko la mwanzo ni mlangoni pako: jirani, mwenye kichoma nyama, na yule yule mama mboga, ambaye atafurahi kuuza dania aijuayo asili yake.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, Wizara ya Kilimo ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Bustani ya namna hiyo haihitaji kungoja mpango wa mtu. Juma hili pata vitu vitatu tu: pakiti ya dania, kijiti cha mnanaa na cha rosmeri. Wape watoto kazi ya kuandika tarehe ya kupanda na tarehe ya jani la kwanza, maana hilo pia ni somo la sayansi. Jina la Mwihoko, kwa Kikuyu, maana yake ni tumaini, na mwenye kufukia mbegu tayari analo.